Mti wa kigeni tuukate au tuuache? Mie naanzia kisimani

Mjadala wa miti ya kigeni hauishi huku kwetu Zanzibar. Watu wa mazingira wanasema imetuzidi, akesia na mikaratusi Unguja, msizi kule Ngezi Pemba, ikatwe turudishe ya asili, na watu wa mashamba wanajibu sawa mkishakata sie tupikie nini? Nimezisikiliza pande zote mbili na zote zina haki, ila naona wanabishana juu ya miti kama vile chini yake hamna kitu, na chini yake ndo kuna maji tunayokunywa.

Tuanze na akesia. Asili yake Australia na Papua New Guinea, ikapandwa huku sababu inakua haraka, inakubali ardhi ilochoka na mizizi yake inarudisha naitrojeni kwenye udongo. Mama anayekwenda kuokota kuni akesia imemfaa, tena kila mzigo wa kuni unaotoka shamba la akesia ni mzigo ambao haukutoka msitu wa asili wa Jozani wala kwenye mikoko. Hilo lazima tulikubali. Lakini ingia chini yake utazame, majani yamelala kama mkeka, hayaozi upesi, na miche ya asili inayotoka hapo ni ya kuhesabu. Msizi nao, wenye asili ya Uganda na Kagera, mbegu zake zinabebwa na ndege, basi pahala popote msitu ulipokatwa ukafunguka yeye anawahi, na Ngezi ni katika mabaki machache ya msitu wa asili yaliyobaki Pemba.

Ila ugeni peke yake si kosa jamani. Mkarafuu wenyewe ulotulisha miaka yote hiyo ni mgeni, umetoka visiwa vya Maluku, na muhogo umetoka Amerika. Suala ni mti unafanya nini pale uliposimama.

Wanaotaka kukata hupenda kutaja Afrika Kusini, wale tangu mwaka 1995 wana mradi mkubwa wa serikali wa kung'oa miti vamizi, zikiwemo akesia za Australia, ili mito yao ipate maji zaidi, na hoja yao ina nguvu mana mti unaokua mbio unakunywa mbio. Lakini huko Australia kwenyewe, upande wa magharibi, yametokea kinyume chake, walifyeka msitu wa asili wenye mizizi mirefu wakalima ngano, ngano inakunywa kidogo, maji ya chini yakapanda juu na chumvi ilokuwa imelala ardhini ikapanda nayo, mashamba yakafa. Yani kukata miti kumewaokoa hawa na kumewaangamiza wale. Kwa hiyo mtu akikwambia utafiti wa nje umeshajibu, mwambie utafiti umejibu kwa ardhi ile.

Sisi ardhi yetu vipi? Maji yetu matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, na kuna kanuni ya zamani inayojulikana, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji matamu chini yake. Sasa geuza hesabu hiyo, ukivuta kwa pampu ukashusha mita moja tu juu, chumvi inakuja kupanda mita 40 kutoka chini. Haipandi siku moja, na hapo ndo hatari yake, mtu anachimba kisima anafurahi, baada ya miaka chai inaanza kuwa na ladha ya ajabu.

Ndo mana ukanda wa mashariki, kwenye maweni, yani ardhi ya mawe ya matumbawe, unanitia hofu kuliko kwengine kote. Kule udongo hakuna wa kusema, mvua inaingia kwenye nyufa moja kwa moja, na kichaka kile ambacho wengi wanakiona pori halina faida ndicho kinachoipokea. Tunakifyeka kwa kuni, tanuri la chokaa na viwanja, alafu juu yake tunaweka choo na kisima vinatazamana. Ripoti ya mwaka 2012 ya shirika la Uingereza, Tourism Concern, iliangalia Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ikakuta nyumba ya mwanakijiji inatumia kama lita 93 kwa siku na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Hapo hata ukate akesia zote za Unguja hujafidia.

Nawaelewa wanaosema hoteli ndo ajira za watoto wetu, kweli, wangu wamo. Na mkulima wa mpunga bondeni anayetia dawa badala ya kung'oa ndago kwa mkono nae namuelewa, ndago ukiing'oa leo kesho imerudi na mgongo ni wake. Ila dawa ikimwagwa maweni haina udongo wa kuichuja, bondeni angalau udongo upo, basi sheria isiwe moja kwa pote.

Kwa hiyo mie nasema hivi. Akesia kwenye udongo mnene ibaki ivunwe kwa kuni, zibadilishwe kidogo kidogo kila baada ya mvuno. Msizi Ngezi ung'olewe ungali mche, na wanaoung'oa wawe watu wa vijiji vya pale pale na kuni wachukue wao. Kichaka cha maweni kisiguswe kabisa karibu na visima na mapango ya maji. Na kila kisima cha pampu, cha hoteli na cha umwagiliaji, kiwekwe mita na kipimwe chumvi kila mwezi, matokeo yabandikwe hapo hapo kijijini ayaone kila mtu, sababu sasa hivi anayejua maji yamebadilika ni yule mama anayeteka alfajiri, anayaonja kwanza ndo anajaza dumu, na hakuna anayemuuliza.