Mbwa wawili, waleti moja

Hivi nani alianzisha huu uongo kwamba ukichukua watoto wa mbwa wawili badala ya mmoja utapumzika, eti "watacheza wenyewe, wala hawatakusumbua"? Ni kweli wanacheza wenyewe, saa tisa usiku, juu ya tumbo langu. Lakini hilo la usiku nimeshalizoea. Kinachonikaa kooni ni kwenda na hawa viumbe duka la vifaa vya wanyama, maana pale moja jumlisha moja haijawahi kuwa mbili.

Kwanza huruhusiwi kuwaweka chini. Chanjo zao hazijaisha, na daktari wa mifugo alishanionya kwamba kile kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo na sakafu miezi kibao, na pale dukani kila mbwa mwenye miguu minne kapita, kwa hiyo wasikanyage. Na kuwaacha nyumbani haiwezekani, kola inapimwa shingoni. Basi nawatandikia taulo kwenye troli nasukuma. Mmoja, Bosi, anasimama mbele kichwa juu, anakagua wateja. Mdogo wake, Karani, yupo chini anatafuna risiti ya mtu mwingine.

Na humo ndani hakuna anayenisalimia mimi! Watu wanakuja mbio, "jamaniii vizuri hivi, vina miezi mingapi, naomba nimshike", kuna mama mmoja kawabusu wote wawili kisha akanyanyua uso akaniangalia, akawaangalia tena mbwa, akasema "Mungu fundi" akaenda zake. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Sasa chakula. Mimi najua chakula cha mbwa ni chakula cha mbwa. Kumbe kuna cha watoto na cha wakubwa na cha wazee, cha wenye tumbo la kuchagua, cha waliohasiwa wakanenepa, halafu hicho cha watoto nacho kinagawanyika, cha mbegu kubwa na cha mbegu ndogo. Dada wa dukani ananiuliza, "Baba, hawa ni mbegu gani?" (Mimi na yeye umri wetu haupishani sana ila kwa heshima ya hao mbwa nimeshakuwa baba.) Nikamwambia mbegu ya jirani. Mama yao tunamjua, baba hajawahi kujitokeza. Akasema lazima tujue, maana mbwa atakayekuwa mkubwa sana akizidishiwa kalsiamu utotoni mifupa yake inaharibika, ndio maana chakula chao kimepimwa tofauti. Akashika mguu wa mbele wa Bosi, akaugeuza, akasema huyu atakuwa jibaba. Akashika wa Karani. Akaurudisha taratibu kwenye taulo, kimya.

Nikamwambia dada, hawa wamezaliwa siku moja, tumbo moja. Akajibu bila hata kuona aibu, "Inatokea baba, mbwa jike anaweza kuzaa mkupuo mmoja watoto wa madume tofauti." Alisema kwa sauti! Watu kwenye foleni wamegeuka! Yaani nimekuja kununua chakula nimepewa na kashfa ya ukoo, na juu yake mifuko miwili tofauti, na nyumbani nakaa katikati yao kila mlo kuhakikisha kila mtu anakula cha kwake, na watoto wa umri huu wanakula mara tatu nne kwa siku, hebu fikiria hiyo kazi. Unamgeuza Bosi huku, Karani kashazunguka. Unamrudisha Karani, Bosi kamaliza bakuli zote mbili na anakuangalia eti ndugu yake bado ana njaa.

Kola nazo eti ukishaifunga lazima vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, isibane wala isivuke kichwa. Ushauri mzuri kabisa, ila aliyeutoa hakusema kwamba wakati vidole viwili vinapita, vingine vyote viko mdomoni mwa mwenye shingo. Meno ya utoto ya mbwa yako 28 na yote yanachoma, nawaambia kwa sababu nimeyakuta. Halafu wanakua hao, unarefusha tundu, unarefusha tundu, mwisho matundu yanaisha unarudi dukani.

Midoli ndiyo imenimaliza. Nilichukua miwili pacha, rangi moja, saizi moja, hata mlio mmoja, nikiwa nimesimama pale naikagua kama isije ikawa na macho ya plastiki wakayang'oa wakameza. Nimefika nyumbani, Bosi anautaka wa Karani. Nikambadilishia. Akautaka ule aliokuwa nao. Nikachukua wa tatu, wa akiba, kumaliza ugomvi, sasa wanagombania huo wa tatu wote wawili na ile pacha iko pembeni haina mwenyewe.

Tukiwa bado palepale dukani tunahangaika na madawa ya kupe na viroboto, Karani akakojoa kwenye troli. Dada hakukunja hata uso, akanyoosha kidole rafu ya pili, "Chukua ile yenye vimeng'enya baba, usisafishie kitu chenye amonia, harufu yake inafanana na mkojo watarudia hapohapo." Nikabaki najiuliza kama huyu mbwa hajalipwa kamisheni.

Mwisho kabisa, nipo kaunta nahema, nikaona mswaki. Mswaki wa mbwa na dawa yake ya meno. Nikasema si watumie hii yetu? Weeee! Dada akanirukia, ya binadamu marufuku, mbwa hajui kutema anameza yote, na nyingine zina sukari ya xylitol ambayo kwa mbwa ni sumu. Sawa, nimeelewa, nikageuza boksi nisome. Ladha ya kuku. Mimi toka niote meno nasukutua mnanaa asubuhi na jioni, hakuna kiwanda kilichowahi kuniuliza kama ningependelea kuku!

"Kuna ya kuku na ya nyama ya ng'ombe," dada ananiambia, "nikuwekee ipi?"

Weka zote mbili dada. Si umeshatangaza mwenyewe kwamba kila mmoja ana baba yake.