Ngozi iliyoungua: ikatwe mapema au isubiri damu?

Mtoto wa Rombo au Boma Ng'ombe akimwagikiwa uji unaochemka akaungua theluthi ya mwili, safari yake huishia KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Saa za mwanzo hazina ubishi: maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, dawa ya meno isiguse kidonda, kisha dripu inayokadiriwa kwa uzito wake na ukubwa wa eneo lililoungua. Nusu ya dripu hiyo iingie ndani ya saa 8 tangu aungue (tangu aungue, jamani, hata kama amefika saa ya 5).

Ubishi huanza siku ya tatu. Ngozi iliyokufa ikatwe na kupandikizwa nyingine, au ifungwe bandeji hadi ibanduke yenyewe baada ya wiki tatu hivi, ndipo apandikizwe?

Kukata mapema kulienezwa na daktari Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia, kuanzia maandishi yake ya 1970. Ngozi iliyokufa hulea bakteria, na wengi wanaovuka siku za kwanza huuawa na maambukizi. Kidonda kikizibwa mapema, hatari hiyo hupungua. Kimsingi nakubaliana naye.

Lakini mtoto wa kilo 10 ana damu mililita 800 tu mwilini, na upasuaji huu humwaga damu kwelikweli. Ndugu huombwa wachangie: shangazi ana presha, baba mdogo yuko mbali, machimboni Mererani. Baada ya hapo anahitaji kitanda cha ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), joto, na muuguzi asiyembanduka. Daktari anayeahirisha anaogopa mtoto kumfia mezani, na hofu hiyo ni halali.

Ninachokipinga ni kuhesabu kusubiri kama njia salama. Anayefia mezani, kifo chake kinaandikwa upasuaji. Anayekufa wiki ya tatu kwa maambukizi, tunasema moto ulimuua. Anayepona naye amelia kila bandeji ikibadilishwa, na shingo imevutwa na kovu hadi kidevu kinagusa kifua.

Kwa hiyo naona tukate kidogo kidogo: asilimia 10 ya mwili kwa awamu, mikono na shingo kwanza, kiungo kifungwe mpira wa kuzuia damu, na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, ichanganywe na maji ya dripu na ichomwe chini ya ngozi. Mashine ya kupumulia huhitajika zaidi kwa aliyevuta moshi au kuungua uso vibaya. Huyu wa uji anahitaji zaidi damu iliyo tayari kwenye friji.

Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa wa damu nchini, na Desemba shule zimefungwa. Mwezi huohuo Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi. Vitanda vya kuchangia damu viwekwe stendi ya Moshi na kwenye makanisa ya Marangu, Machame na Kibosho kuanzia tarehe 20.