Viatu vya Mikono

Jumanne iliyopita niliingia darasani vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, binti mpole anayeogopa kukosea, akaitazama mikono yangu, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha miezi minne: "Pole, Mwalimu. Umesahau viatu vya mikono?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Wenzake hawakucheka. Walinitazama, wakatazamana, na yule binti akaiva uso. Ndipo nikakumbuka kwamba glavu kwa Kijerumani ni Handschuh, na neno hilo ukilifungua ndivyo lilivyo: mkono, kiatu. Nchi ya watu zaidi ya milioni 80, kila baridi ikianza wanavaa viatu vya mikono, wanapanda treni, wanakwenda kazini, na sijamwona hata mmoja anayelionea neno hilo haya. Nilimwomba radhi binti wa watu mbele ya darasa zima. Lakini kicheko changu hakijaniacha tangu siku hiyo, kwa sababu nakijua kilikotoka.

Huu ni mwaka wa tatu nafundisha Kiswahili hapa Berlin. Friji, kwa hawa jamaa, ni kabati la baridi. Hospitali ni nyumba ya wagonjwa. Kobe ni chura mwenye ngao! Oksijeni, ile tuliyoikariri kidato cha kwanza kama aya, wao huiita Sauerstoff, yaani kitu kichachu, na haidrojeni ni kitu cha maji. Profesa wa kemia anayaandika ubaoni maneno hayo bila hata kutabasamu, na wanafunzi wake wanatoka hapo wanakwenda kuunda dawa na magari tunayoyaagiza sisi.

Sasa turudi kwetu, Tanzania. Mwezi uliopita niliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba nimekesha naandaa wasilisho. Neno moja tu, wasilisho. Kaka yangu akamimina emoji za kulia kwa kicheko. Binamu akauliza kama huko Ulaya nimegeuka mtangazaji wa zamani wa redio. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la tatu miaka 30 na zaidi, naye akaandika: "Sema prezentesheni, baba, usitutese." Hapo sijathubutu kutaja kipakatalishi, yaani laptopu.

Hivi sisi tulifundishwa na nani kuyacheka maneno yetu?

Mimi namjua aliyenifundisha. Nilipoingia sekondari, monita alikuwa na daftari la majina ya waliokamatwa wakizungumza Kiswahili. Wiki ya pili nilivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kumwomba mwenzangu kalamu kwa lugha ya mama yangu. Nilizunguka na kile kibao mpaka nilipomkamata mwingine wa kumvisha. Miaka saba nilikuwa nimesoma sayansi kwa Kiswahili, najua usanisinuru ni nini, naweza kumweleza bibi yangu shambani jani linavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua. Kufika kidato cha kwanza, mwalimu wa baiolojia alitueleza jambo lile lile kwa Kiswahili, mlango umefungwa, kisha akatuandikia nukuu za Kiingereza tukariri. Kuanzia hapo tukimsikia mtu anasema usanisinuru, tunaangua kicheko. Ndivyo unavyoonyesha kwamba umesoma.

Hapa mambo ni kinyume, na huwa nafurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Muhula uliopita mwanafunzi aliniandikia kwamba atakuja ofisini saa tatu. Nikajiambia huyu ni Mjerumani, saa tatu yake ni ya alasiri, nikaenda taratibu. Kumbe kijana alifika asubuhi saa tatu kamili, saa tatu ya kwetu, akakaa kwenye korido na daftari lake mapajani mpaka saa nne na nusu. Aliniambia: "Nilikuandikia kwa Kiswahili, kwa hiyo nilihesabu kwa Kiswahili." Sikuwa na la kujibu. Mgeni aliiamini lugha yangu kuliko nilivyoiamini mimi mwenye nayo.

Na siku ya somo la mikopo ya maneno, ilibidi nisubiri kelele zitulie. Niliwaambia kwamba shule ni Schule yao, na hela ni Heller, senti za enzi za koloni lao. Walipiga meza kwa furaha. Mmoja akauliza kama kuna mtu Tanzania anayeliona neno shule kuwa la ajabu. Hakuna, nikamwambia. Tumelila, tumelisaga, limekuwa letu.

Najua yanayokuja. "Huyu kafika Ulaya juzi, keshaanza kutusomesha." Ndugu yangu, sikuja kuwasifu Wajerumani. Jirani yangu wa ghorofa ya chini hajaniitikia salamu tangu nihamie, na barua ninazopaswa kuzijibu kila mwezi zinatosha kujaza gunia. Upweke wa Jumapili ya hapa sikuombei. Nikilinganisha maisha yote, kwetu kunazidi kwa mengi na nitarudi. Nazungumzia jambo moja tu, nalo linanikera kwa sababu halihitaji mkopo wala mfadhili.

Mwingine atasema mzungu akijifunza lugha yako ujue anataka kukutawala. Historia iko upande wako, sibishi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliletwa mji huu huu mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakijiandaa kwenda kututawala. Walikuwamo waliokataa kumheshimu kwa sababu ya rangi yake, mpaka akaacha kazi mwaka 1905. Aliyeandika desturi za Waswahili kwa Kiswahili kizuri hivyo ni yeye, na jina lililowekwa mbele kwenye jalada mwaka 1903 lilikuwa la Mjerumani. Aliishi na kufia hapa Berlin mwaka 1927. Kila nikiitwa "Mwalimu" darasani namfikiria mzee huyo. Lakini yeye, pamoja na dharau zote alizopewa, hakuidharau lugha yake. Sisi hatuna mtawala leo na tunaidharau wenyewe.

"Maneno ya BAKITA, hilo Baraza la Kiswahili la Taifa, ni magumu, hayatamkiki." Hili ndilo linalonipandisha presha. Serikali ilisema mabasi yaendayo haraka, wakazi wa Dar es Salaam wakasema mwendokasi, na kufikia mwaka 1 wa safari zake hapakuwa na mtoto asiyelijua. Kishikwambi, yaani tableti, nacho kilichekwa nchi nzima. Ikaja sensa ya 2022, vikatumika mitaani, vikagawiwa kwa walimu, na leo mwalimu wa kijijini anasema kishikwambi changu kimeharibika bila kufikiri mara mbili. Ulimi haukuwa na tatizo. Tulikuwa tunasubiri ruhusa.

Halafu kuna wale watakaoniuliza mtoto wa dada yangu anasoma wapi. Anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, Dar es Salaam, na mimi nachangia ada. Siwezi kumlaumu dada. Mtihani wa kidato cha nne unamsubiri mtoto wake kwa Kiingereza, na Tume ya Makweta, ile tume ya Rais ya elimu, ilishapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ifundishe kwa Kiswahili. Nilikuwa sijazaliwa! Mzazi mmoja hawezi kuibeba hiyo kwa mgongo wa mwanawe.

Wala sisemi tutupe Kiingereza. Wanafunzi wangu hawa, waliosoma baiolojia, fizikia na kila kitu kwa Kijerumani, wanazungumza Kiingereza kilichonyooka kuliko wengi wetu tuliovishwa vibao. Walifundishwa Kiingereza kama lugha, na walimu wanaokijua. Hakuna aliyewaambia kwanza waione aibu ya kwao.

Jana tulifika kwenye kipakatalishi. Niliandika neno ubaoni, nikawaonyesha kupakata kulivyo ndani yake: mama anavyomweka mtoto mapajani. Darasa likanyamaza. Yule binti wa viatu vya mikono akainua laptopu yake mezani taratibu, akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili. Akasema kwao kuna neno kama hilo lakini halina mama ndani yake.

Jioni niliyaandika hayo yote kwenye kundi la ukoo. Kaka akatuma emoji zilezile. Nikamjibu, naye akajibu, tukaenda hivyo mpaka usiku wa manane wa huko. Shangazi hakusema neno kundini. Asubuhi nikakuta ujumbe wake pembeni, wa peke yangu: "Kupakata nimekuelewa. Na chaja yake inaitwaje?"

Jumanne nalipeleka darasani.