Mtoto hakuiba, simu ilikuwa wazi

Shule zikifungwa, simu ya baba au mama huhamia mikononi mwa mtoto. Jioni unaingia ujumbe wa benki: umekatwa dola 9.99, kisha 9.99 tena, kisha 49.99. Katika nyumba nyingi kinachofuata ni maneno makali, pengine na fimbo, kwa sababu mtoto anaonekana ameiba. Tunasema wazi kwamba hakuiba. Alibonyeza kitufe alichoonyeshwa, kwenye simu ambayo mtu mzima aliiunganisha na kadi yake kisha akaiacha wazi.

Gemu nyingi zinazopendwa na watoto hupakuliwa bure. Pesa huingia kupitia sarafu ya ndani: almasi kwenye Free Fire, UC kwenye PUBG Mobile, Robux kwenye Roblox, vito kwenye Clash of Clans. Sarafu hiyo ndiyo inayomtoa mtoto kwenye hesabu za shilingi. Chukua Clash of Clans: kwa bei ya Marekani kifurushi kidogo ni vito 80 kwa dola 0.99, na kikubwa ni vito 14,000 kwa dola 99.99. Vyote viko kwenye duka moja, na kila bei inavyopanda ndivyo mchoro wa vito unavyozidi kujaa. Mtoto wa miaka saba anajua kabisa kwamba 14,000 ni nyingi kuliko 80. Asichojua ni kwamba kisanduku kile ni zaidi ya shilingi 200,000 za Tanzania, au zaidi ya 12,000 za Kenya. Hata akikaa kuhesabu, vifurushi havilingani na bei za vitu vinavyouzwa ndani ya gemu. Unanunua 80, kitu kinagharimu 50, zinabaki 30 zisizotosha kitu cha pili, na njia ya kuzitumia ni kununua tena.

Anayedhani tunawatetea watoto kupita kiasi aangalie kilichotokea Marekani. Januari 2014 Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi, baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, kuishtaki. Kiini cha kesi kilikuwa kidogo sana: mzazi akiweka nywila mara moja, mlango ulibaki wazi kwa dakika 15, na ndani ya dakika hizo mtoto angeweza kununua bila kikomo. Katika malalamiko hayo mama mmoja alieleza kuwa binti yake alitumia dola 2,600 kwenye gemu ya Tap Pet Hotel. Septemba mwaka huo huo Google nayo ilikubali kurudisha angalau dola milioni 19. Kwake mlango ulibaki wazi kwa dakika 30. Amazon ilianza kuuza vitu vya ndani ya programu mwaka 2011 bila kudai nywila yoyote, na mwaka 2016 jaji akaamua kuwa ilikosea. Kisha Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Tume ilisema vitufe vilipangwa hivi kwamba mchezaji aliweza kutozwa akiwa anaamsha gemu iliyolala, au akiwa anakiangalia tu kitu kwa kugusa kitufe kilicho jirani. Kama watu wazima walinaswa hapo, mtoto angepona vipi?

Kwa hiyo kazi ni ya mwenye simu, na inafanyika kabla simu haijatoka mkononi.

Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha yako iliyo juu kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi. Kuna hatua tatu za kuchagua: kila mara, kila baada ya dakika 30, au usiulize kamwe. Weka kila mara. Ile ya dakika 30 ndiyo inayowaponza wazazi wenye nia njema: unamnunulia mtoto kitu kimoja kwa hiari yako, unaweka nywila, unamrudishia simu ukaendelee na mapishi, na nusu saa nzima duka liko wazi. Kwa programu zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 12 na chini Google hudai uthibitisho kila ununuzi, lakini usiegemee hapo. Gemu za mpira na za bunduki ambazo watoto wetu wanacheza hazimo kwenye kundi hilo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulipita. Uthibitisho unaweza kufanywa kwa alama ya kidole. Kama ulishamsajili mtoto kidole chake ili asikusumbue kila akitaka kufungua simu, umempa pia sahihi ya malipo, kwa sababu simu haitofautishi kidole cha kufungulia skrini na kidole cha kununulia. Nenda kwenye mipangilio ya usalama wa simu ufute vidole vyote visivyo vyako. Kama hukumbuki kipi ni cha nani, futa vyote usajili upya cha kwako. Na nywila ya Google isiwe ile ile anayoisikia mtoto unapoitamka kwa sauti ukimsaidia shangazi kuingia YouTube.

Baada ya hapo toa kadi. Kwenye ile picha yako juu kulia kuna sehemu ya malipo na usajili. Ndani yake ziko njia za kulipa. Ondoa kila kadi na kila laini ambayo huitumii kununua programu. Hii ndiyo hatua tunayoiamini kuliko zote, maana nywila inaweza kuvuja, lakini njia ya malipo ambayo haipo haiwezi kukatwa. Humo humo utaona pia sehemu ya kupanga bajeti ya mwezi. Isikudanganye. Bajeti ya Play Store inakuonya tu kwamba umefikia kiasi ulichopanga. Haizuii ununuzi hata mmoja. Tazama pia orodha ya usajili. Kuna programu za kuchora na kupaka rangi zinazotoa siku chache za bure, kisha zinaanza kukata kila wiki. Ukiifuta programu kwenye simu, usajili unabaki hai na makato yanaendelea. Lazima uusitishe kwenye orodha hiyo.

Kama mtoto ana simu au tableti yake na hajafikisha miaka 13, mfungulie akaunti ya mtoto kupitia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, uweke idhini ya mzazi kwa kila ununuzi. Ombi linakuja kwenye simu yako na wewe unakubali au unakataa. Ila idhini hiyo inashika tu malipo yanayopita kwenye mfumo wa Google Play. Ya nje haiyaoni, na hayo tutayafikia.

Kwenye iPhone hakuna haja ya maelezo marefu. Ingia Settings, kisha Screen Time, fungua sehemu ya vizuizi vya maudhui na faragha, nenda kwenye ununuzi wa App Store, na ununuzi wa ndani ya programu uweke kuwa hauruhusiwi kabisa. Namba ya siri ya Screen Time iwe tofauti na ile ya kufungulia simu, la sivyo umejifunga na ufunguo umeuacha mlangoni. Familia zilizounganisha akaunti zao za Apple kwa Family Sharing ziwashe Ask to Buy, ili ombi la mtoto la kununua lije kwanza kwa mzazi.

Kuna simu za aina nyingine zinazotusumbua: zile zilizotumwa na ndugu kutoka Muscat, Dubai au London. Mjomba anatuma simu yake ya zamani kama zawadi, akaunti yake ikiwa bado imo ndani na kadi yake ikiwa bado imeunganishwa. Mtoto anacheza Tanga, makato yanaingia kwa mjomba. Kabla ya kuitumia simu ya namna hiyo, mwenye akaunti aondoe akaunti yake na simu irudishwe kwenye hali ya kiwandani.

Huku kwetu, hata hivyo, wengi hawana kadi ya benki kwenye simu. Wana laini, na laini ina mifuko miwili isiyolindwa sawasawa. Mfuko wa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa unadai namba ya siri kila muamala. Mfuko wa salio la kupigia haudai. Kama mtandao wako unakubali salio kulipia Play Store na umeshaiunganisha laini, kinachosimama kati ya mtoto na salio lako ni ule uthibitisho wa Google tu. Ndiyo maana tunasema laini nayo iondolewe kwenye njia za kulipa, hata kama una salio la shilingi 2,000.

Na hiyo namba ya siri, tuulizane kwa ukweli, nyumbani nani asiyeijua? Bibi anamwambia mjukuu, "Hebu nitolee hela kwa wakala, namba ni ile ile." Baba yuko kwenye bodaboda, anamtajia binti yake namba amlipie umeme. Mtoto wa miaka kumi ndiye karani wa pesa za simu katika familia nyingi, na mara nyingi namba yenyewe ni mwaka wa kuzaliwa wa mwenye simu. Ibadilishe leo: M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, Mixx ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, na M-Pesa ya Kenya ni *334#. Mzee asiyeona vizuri aendelee kusaidiwa, lakini namba aibonyeze mwenyewe, au aibonyeze mtu mzima mmoja anayejulikana. Kwa Kenya kuna hatari ya ziada ya Fuliza: aliyejiunga nayo akiishiwa, muamala unakamilishwa kwa mkopo, kwa hiyo mtoto mwenye namba ya siri hamalizi pesa zako tu, anakuachia na deni.

Namba hiyo ndiyo inayofungua mlango wa nje tuliousema. Almasi na UC huuzwa pia na watu wa kati, kwenye WhatsApp, Instagram na vibanda vya mtaani. Mtoto anatuma pesa, anatoa namba ya utambulisho ya mchezaji, anajaziwa. Kitaalamu namba hiyo inatosha. Muuzaji akidai barua pepe na nywila ya akaunti, huyo anaitaka akaunti yenyewe. Na akishatumiwa pesa akanyamaza, hakuna duka la kulalamikia, maana ulikuwa muamala wa mtu kwa mtu. Unachoweza ni kuwapigia mtandao wako mara moja uombe muamala urudishwe, kabla mpokeaji hajazitoa.

Makato yaliyopita Play Store yana njia yake, na saa inahesabiwa. Tafuta risiti kwenye barua pepe. Namba ya oda huanza na herufi GPA. Ingia play.google.com kwa akaunti ile ile, fungua historia ya oda, chagua muamala, ripoti tatizo, na useme ununuzi ulifanywa na mtoto bila idhini. Fanya hivyo ndani ya saa 48. Zikipita, utaelekezwa kwa mtengenezaji wa gemu, na huyo hufuata masharti yake. Utasikia watu wakitaja siku 120. Hizo ni za kadi kutumiwa na mtu usiyemfahamu kabisa, mtoto wako hahusiki. Usijaze uongo ili upate muda, kwa sababu muamala uliofanyika kwenye simu yako, nyumbani kwako, unajieleza. Kwa Apple anwani ni reportaproblem.apple.com, chagua kurudishiwa pesa, kisha sababu ya mtoto kununua bila ruhusa. Jibu kwa kawaida huja ndani ya saa 24 hadi 48.

Usikimbilie benki kupinga makato kabla ya kupita huko. Moja ya mambo ambayo FTC iliilaumu Epic ni kufunga akaunti za wateja waliopinga makato kwenye kadi zao, wakapoteza hata vitu walivyolipia kihalali. Mweleze pia mtoto mapema kwamba pesa zikirudi, almasi nazo zinaweza kuondolewa, na akaunti ya gemu inaweza kufungiwa. Akijua hivyo hatashangaa, na hatajaribu kuzitumia haraka huku ombi likisubiri.

Kuna wanaosema sheria itawalinda. Ni kweli Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka anayeingia mkataba awe na umri wa utu uzima. Lakini akaunti imeandikwa jina la mzazi, kadi ina jina la mzazi, na kampuni inamwona mzazi. Tungependa Benki Kuu na mamlaka za mawasiliano, Tanzania na Kenya, zidai jambo moja dogo: salio la kupigia lisikatwe kulipia kitu cha ndani ya gemu bila namba ya siri, kama vile pesa za simu zisivyotumwa bila hiyo. Teknolojia ipo mkononi mwa mitandao tayari.

Wala hatusemi mtoto asinunuliwe kitu kamwe. Wenzake wana mavazi mapya ya mchezaji na yeye anayaona. Mpangie kiasi, tuseme shilingi 5,000 kwa mwezi, na siku ya kununua mkae pamoja: yeye achague, wewe usome bei kwa shilingi kwa sauti, uweke nywila mwenyewe. Kama una kadi ya mtandaoni ya aina inayojazwa, ijaze kiasi hicho hicho tu, na mkimaliza iondoe kwenye Play Store kabla ya kumrudishia simu.