Sebule ya Mjomba na Kona Niliyoisahau

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Kwa ukoo wetu maana yake ni kwamba yeyote anayejenga, hata banda la kuku, ananipigia mimi na halipi.

Mjomba alikuwa anamalizia nyumba yake Kibaha. Jumamosi washenga wangekuja kumposa binti yake, na sebule ilikuwa bado saruji tupu. Jumatatu akanipigia: "Mjomba, ramani si unayo humo kwenye kompyuta? Niambie marumaru boksi ngapi."

"Shikamoo mjomba. Nipe dakika mbili tu."

Sebule ina umbo la herufi L: sehemu ya kukaa ni mita 8 kwa 4, na daining ya mita 4 kwa 3 imechomoza ubavuni. Mtoto wa darasa la tano angepiga hesabu hiyo kwa kidole vumbini. Ila mwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, hapigi hesabu, anabofya. Nikaita polilaini, yaani mstari mmoja unaopinda kila kona, nikaanza kuzifuata kuta kona kwa kona. Nilipofika kona ya tano, simu ikalia.

"Dakika mbili gani hizo?"

Kwa kiwewe, badala ya kumalizia kona ya sita na kubonyeza C ili mstari ujifunge, nikabonyeza Enta. Na kwa macho huoni pengo lolote, maana kuta za ramani ziko palepale chini ya mstari wako.

Nikaandika AREA, amri ya kupima eneo, nikalichagua umbo langu. Ikaja 30,000,000. Ofisini tunachora kwa milimita, basi nikagawanya kwa 1,000 kama kawaida, nikatangaza: "Mita za mraba elfu thelathini, mjomba."

Kimya. Kisha: "Hiyo ni sebule au Uwanja wa Mkapa?"

Alinionea huruma. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Sebule yake ilimeza viwanja vinne na chenji ikabaki. Nikakumbuka kwamba mita moja ya mraba ina milimita za mraba milioni nzima, nikarekebisha haraka: mita za mraba 30. Hapo ndipo nilipoponzeka. Ukishajikamata mwenyewe kwa kosa la mara elfu, unajiona hakimu, wala hukumbuki kuihoji hiyo 30. Nikaongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika. Boksi la vipande 4 vya sentimita 60 kwa 60 linafunika mita za mraba 1.44. Boksi 23, mjomba, kanunue.

Alhamisi fundi akanipigia: "Bosi, hebu fika saiti."

Nilimkuta amekalia ndoo ya rangi katikati ya daining, anakunywa chai. Sehemu ya kukaa inang'aa, unajiona ndevu. Daining haina hata kipande.

"Hivi daining uliihesabu?"

Nikamwambia kompyuta haikosei. Hakubishana. Akavuta futi, nane kwa nne, thelathini na mbili. Akavuta tena, nne kwa tatu, kumi na mbili. Akaandika 44 ukutani kwa penseli, kubwa, akarudi kwenye chai yake.

Nikafungua laptopu juu ya mfuko wa saruji. Kumbe ukiipa umbo lisilofungwa, programu haigomi. Inajichukulia kwamba kona ya mwisho na ya kwanza zimeungwa kwa mstari mnyoofu, kisha inakupa eneo bila aibu. Mstari wangu huo wa kufikirika ulitoka kona ya mbali ya daining, ukakatiza chumba mshazari hadi nilipoanzia, ukaitupa nje pembetatu ya mita za mraba 14. Na ilinionya, masikini! Pembeni ya eneo iliandika urefu, 19,000, maana kwenye urefu mstari ule wa kufikirika hauhesabiwi. Mita 19 kwa chumba ambacho kukizunguka ni mita 30. Sasa nani anasoma namba ya pili wakati ya kwanza imeshamfurahisha?

Zilipungua boksi 11. Dukani wakasema mzigo ule umeisha, mwingine unaingia Jumatatu.

Jumamosi tukatandika mikeka daining nzima, ukuta hadi ukuta. Washenga wakavua viatu na kukaa chini, na mzee wao mmoja akasifia sana: siku hizi nyumba zenye adabu ya mkeka zimebaki chache. Mjomba akaitikia "ni kweli, ni kweli", huku jicho lake moja liko kwangu.

Jumatatu mzigo ukaingia, "rangi ileile" kwa kauli ya muuza duka. Ikishabandikwa, daining ni krimu na sebule ni krimu iliyokunywa chai. Mgeni akiuliza, mjomba ananinyooshea kidole: "Huo ni ubunifu wa mpwa wangu. Amesomea."