Maarifa yalivuka, maelewano je?

Mwambie mtoto ahesabu mpaka kumi, kisha sikiliza. Moja, mbili, tatu, nne, tano: Kibantu kitupu. Sita na saba zimetoka kwa Waarabu. Nane inarudi nyumbani, tisa inatoka tena, kumi ni yetu. Akiendelea hadi laki ameshafika Bara Hindi, na daftari analoandikia lina jina la Kiajemi. Hakuna kikao kilichoketi kuamua mchanganyiko huo. Waliouleta ni mabaharia, wachuuzi, walimu wa chuoni na akina mama waliolea watoto kwa lugha mbili, kila mmoja akichukua alichokihitaji siku hiyo.

Nimeanza na hesabu kwa sababu mjadala wenyewe kwa kawaida huanzia juu sana. Mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la China, liliitenga tarehe 10 Juni kuwa siku ya kimataifa ya mazungumzo kati ya staarabu. Kabla ya hapo, mwaka mzima wa 2001 ulikuwa umetengwa kwa ajili hiyohiyo kufuatia wito wa Rais Mohammad Khatami wa Iran, na sote tunakumbuka mashambulizi ya Septemba mwaka ule huko Marekani. Hoja inayorudiwa katika hafla hizo ni kwamba staarabu zilipozungumza, maarifa yalikua na watu wakaelewana. Wapo wanaoikataa yote: kwao historia ni vita na unyang'anyi, na hayo mengine ni mapambo tu. Mimi naona hapa kuna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, na ni vizuri kuyafungua.

La kwanza, la maarifa, ushahidi wake ni mzito. Chukua sifuri peke yake. Mwaka 628 Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika kanuni za kuitumia sifuri kama namba kamili. Namba chanya aliziita mali, hasi akaziita deni. Mali ikilingana na deni, kinachobaki ni sifuri. Mwenye duka yeyote angemwelewa. Mwaka 662 Severus Sebokht, askofu wa Kisiria katika monasteri ya Qenneshre kando ya mto Frati, aliwaandikia kwa ukali watu waliodhani kwamba kwa kuwa wanasema Kigiriki basi wamefika mwisho wa elimu. Akawakumbusha kuwa kuna Wahindi, na kuna hesabu yao ya alama tisa. Mkristo wa Syria anawatetea wasomi wa India mbele ya majivuno ya Wagiriki! Sijui picha nzuri kuliko hiyo ya jambo tunalolizungumza.

Baghdad ilianza kujengwa mwaka 762, na haukupita muda mrefu msomi kutoka India akafika kwa khalifa al-Mansur na elimu ya nyota, ikatafsiriwa kwa Kiarabu. Karne iliyofuata al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, akaeleza jinsi ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi. Kazi yake ilipoingia Kilatini jina lake likageuka Algorizmi, na ndilo tunalolisikia leo kila inapotajwa algorithimu, yaani zile hatua zinazofuatwa na kompyuta. Neno la Kisanskriti la utupu, shunya, likafasiriwa sifr kwa Kiarabu. Leonardo wa Pisa, mwanahisabati wa Italia aliyejifunza tarakimu hizo Bugia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake aliwahudumia wafanyabiashara wa Pisa forodhani, akaliandika zephirum mwaka 1202. Ulaya ikapata zero. Sisi tumebaki na sifuri, karibu zaidi na chimbuko.

Na waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa kila namna. Hunayn ibn Ishaq, mfasiri mkubwa kuliko wote wa Baghdad, alikuwa Mkristo aliyelipwa na Waislamu kutafsiri vitabu vya tiba vya Wagiriki waliokuwa wapagani. Mwenyewe ameeleza jinsi alivyokitafuta kitabu kimoja cha Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki: alizunguka Iraki, Syria, Palestina na Misri hadi Alexandria, na alichopata ni karibu nusu yake, huko Damascus. Kabla ya kutafsiri alipenda kukusanya nakala kadhaa za Kigiriki na kuzilinganisha ili kupata matini sahihi. Nikisoma habari zake huona aibu kwa jinsi sisi tunavyotafsiri kwa haraka.

Wasifiaji wa mazungumzo kwa kawaida huishia hapo. Lakini miaka ileile ilikuwa na mambo mengine. Mwaka 869, kwenye ardhi za chumvi karibu na Basra, watumwa waliokuwa wakikwangua udongo huo ili pafae kulimwa waliasi. Waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa pwani yetu, ingawa wanahistoria wanabishana ni wangapi kati yao waliotoka huku hasa. Vita vile viliendelea hadi 883. Hunayn alifariki mwaka 873, vita vikiwa katika mwaka wa nne. Utawala uliolipa wafasiri ni huohuo uliopeleka majeshi dhidi ya watumwa wale, na katika nyumba za Baghdad zilimosomwa falsafa za Wagiriki hapakukosekana watumwa. Elimu ya Galen haikumfundisha yeyote kwamba mtu wa Zanj ana neno la kusema.

Toledo, huko Hispania, nayo iko hivyo. Wakristo waliuteka mji huo mwaka 1085 wakakuta hazina ya vitabu vya Kiarabu. Gerard wa Cremona alikwenda huko kutafuta kitabu kimoja cha elimu ya nyota cha Ptolemy, mtaalamu wa kale wa Kigiriki, akabaki, akatafsiri vitabu zaidi ya 70, pamoja na kile kikubwa cha tiba cha Ibn Sina, tabibu wa Kiislamu, kilichosomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Alifariki mwaka 1187. Mwaka huohuo Sultani Salahuddin aliichukua Yerusalemu kutoka kwa Wakristo, na Ulaya ikaanza kukusanya jeshi jipya la msalaba. Daktari wa Ulaya aliweza kuwatibu wagonjwa kwa kitabu cha Mwislamu na kuwaombea dua askari waliokwenda kuwaua Waislamu, wala asione mgongano.

Hata neno tunalolitumia lina kidonda chake. Ustaarabu, kwa asili ya Kiarabu, ni kuwa kama Mwarabu, kushika mwenendo wake. Tunapotafsiri kauli ya Umoja wa Mataifa tunasema mazungumzo kati ya staarabu, na ndani ya neno hilo upande mmoja umeshajitangaza kuwa kipimo. Kuna wasomi wanaosimamia hapo: panapokosekana usawa, wanasema, hakuna mazungumzo, kuna mmoja anayesema na mwingine anayeitikia. Nawaheshimu, ila nadhani wanampunja aliyepokea. Tazama kitabu. Kwa Kiarabu ni kitab, na wingi wake kutub. Mswahili alipolisikia akaona ki- mwanzoni, akalitia katika ngeli ya kiti na kisu, akasema vitabu. Neno lilikuja na sarufi yake, sarufi ikaachwa pwani. Mtu anayepokea namna hiyo hakumezwa.

Kwa hiyo maarifa huvuka hata penye uadui, hata penye dhuluma, kwa sababu yanahitaji tu mtu mmoja mwenye haja nayo. Maelewano yanahitaji zaidi ya hapo. Anayenionyesha hilo ni al-Biruni, msomi wa Kiislamu aliyezaliwa Khwarazm, Asia ya Kati, mwaka 973 na akajikuta katika himaya ya Sultani Mahmud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, aliyeivamia India mara kwa mara. Al-Biruni aliingia India katika kivuli cha mavamizi hayo. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, na mnamo 1030 akamaliza kitabu kinachoeleza dini, hesabu na desturi zao kama wao wenyewe walivyozieleza. Alisema wazi kwamba hakukusudia kubishana nao. Hakuwapamba pia: aliwalaumu kwa kudhani hakuna nchi kama yao wala elimu kama yao. Lakini aliandika vilevile kwamba mavamizi ya Mahmud yaliisambaratisha neema ya nchi ile, yakawatawanya watu wake kama vumbi, na elimu zao zikakimbilia mbali. Ameandika pia kwamba alikuwa akitafsiri vitabu vya Wagiriki Euclid na Ptolemy kwa Kisanskriti, maana yake hakuenda kuchukua tu.

Wa aina hiyo ni wachache. Peter, abati (mkuu wa monasteri) wa Cluny huko Ufaransa, alipogharimia tafsiri ya kwanza ya Kurani kwa Kilatini, iliyokamilika mwaka 1143, lengo lake lilikuwa kuipinga. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza msomaji wa Kilatini aliweza kusoma maneno ya kitabu chenyewe, ingawa kwa tafsiri iliyojaa mapungufu, badala ya kutegemea uvumi. Simlaumu sana abati huyo. Anayetaka kukupinga vizuri hulazimika kwanza kukusikiliza.

Jambo linaloniuma zaidi liko karibu nasi. Mimi al-Biruni nimemsoma kwa Kiingereza, katika tafsiri iliyotoka mwaka 1888 kwa mkono wa Mjerumani, Eduard Sachau. Sachau huyohuyo ndiye aliyeongoza Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin tangu ilipofunguliwa mwaka 1887, na miongoni mwa lugha zilizofundishwa hapo ni Kiswahili, kwa maofisa waliotayarishwa kuja kuitawala nchi yetu. Mtu aliyeupa ulimwengu wa Kiingereza mfano bora wa kumsikiliza mgeni ndiye aliyesimamia chuo cha lugha za watawaliwa.

Mmoja wa walimu wa chuo hicho alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani aliyeishi Bagamoyo. Alikuwa ameandika juu ya desturi za Waswahili kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Hapo ndipo mazungumzo yalipofika kwenye kilele chake: Mswahili anaeleza watu wake kwa lugha yake, Mjerumani anasikiliza na kuchapisha. Kisha Mtoro akaoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 wakapanda meli kuja nyumbani kwake. Serikali ya koloni ikawazuia, wakalazimika kurudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Maneno yake yalikuwa yamepokelewa na kuwekwa rafuni, ilhali yeye na mkewe walionekana tishio.

Watetezi wa mazungumzo watasema huo ni ubaya wa ukoloni, wala si wa mazungumzo. Ni kweli, na bila Velten pengine tusingekuwa na maandishi hayo ambayo leo sisi wenyewe tunayategemea kuijua pwani ya karne ya 19. Lakini wapinzani nao wana haki ya kuuliza: kumjua mtu kwa kina kiasi hicho, na bado kumfungia mlango wa kwao, tukuite nini? Mimi siwezi kukuita maelewano.

Ndiyo maana tarehe 10 Juni hainivutii kwa hotuba zake. Ningependa kuona siku hiyo serikali zilizopiga kura zikisema zinalipa wafasiri wangapi kati ya Kiswahili na Kichina, Kiarabu, Kihindi au Kiajemi, na zinawapa muda gani wa kuzunguka kutafuta nakala kama alivyofanya Hunayn. Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare huku akiwa na nchi ya kuendesha, kwa hiyo udhuru wa shughuli nyingi sitaupokea. Na ningependa kuona dirisha la viza. Wasomi wa Afrika wanaoalikwa Ulaya kuzungumza juu ya Afrika bado hunyimwa viza mara kwa mara, huku makala zao zikiwa zimeshafika na kusomwa ukumbini.