Usugu Unaosafiri Wodini: Tusimtwishe Mgonjwa Lawama Zote

Kila mwezi Novemba, inapofika wiki ya kuhamasisha matumizi sahihi ya antibiotiki, mabango hurudia agizo lilelile: maliza dozi, usinunue dawa bila cheti cha daktari. Sina ugomvi na agizo hilo. Ninachokataa ni kulifanya kuwa maelezo pekee ya usugu, yaani uwezo wa bakteria kustahimili dawa, kwa sababu mtoto mchanga anayepata maambukizi ya damu akiwa wodini hajawahi kukatisha dozi yoyote maishani mwake. Bakteria waliomwingia walikuwa sugu tayari, na jeni zilizowapa usugu huo zilikuwamo hospitalini kabla yeye hajazaliwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, ambaye wahudumu wa wodi za watoto wachanga wanamfahamu vizuri. Antibiotiki ya ampisilini haimsumbui, kwa kuwa jeni ya kuivunja imo katika kromosomu yake ya asili, yaani DNA yake kuu. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, ambalo bakteria mmoja anaweza kulinakili na kumpa mwingine, hata akiwa wa spishi tofauti. Huko ndiko inakokaa mara nyingi CTX-M-15, jeni ambayo imepatikana tena na tena katika hospitali za Tanzania na Kenya. Ukoo wake unatoka kwa Kluyvera, bakteria ambao ni nadra kumdhuru binadamu. Vipande vya DNA vyenye tabia ya kuhamahama viling'oa jeni hizo kwenye kromosomu yao na kuzipandikiza kwenye plasmidi. Kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo hukata pete ya kikemikali iliyo kiini cha antibiotiki ya seftriaksoni, na dawa huharibika kabla ya kufanya kazi yake ya kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria.

Jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha ni kwamba CTX-M-15 haisafiri peke yake. Mara nyingi plasmidi hiyohiyo hubeba pia jeni za kubatilisha antibiotiki nyingine, jentamisini, na za kupunguza nguvu ya siprofloksasini. Kwa hiyo daktari anapomwandikia mtu mzima seftriaksoni, huwaacha hai na kuwapa nafasi ya kuzaliana bakteria wanaostahimili jentamisini, dawa ambayo hakuiandika kabisa, lakini ndiyo atakayoihitaji mtoto mchanga wa wodi ya pili. Wala kuipumzisha dawa hakutoshi kuiondoa plasmidi, maana nyingi kati yake hubeba jeni za sumu pamoja na za kiuasumu chake. Sumu hudumu muda mrefu, kiuasumu huharibika upesi. Bakteria anayezaliwa bila plasmidi hurithi sumu asiyoweza kuizima, akafa au akadumaa. Ndiyo maana siwekei matumaini makubwa mipango ya kubadilisha dawa kwa zamu, huku mikono, mipira ya mkojo na masinki ya wodini yakiendelea kupitisha bakteria walewale.

Gharama yake tunaijua. Utafiti wa watoto waliolazwa Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba asilimia 43.5 ya waliokuwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa Gramu hasi, kundi ambalo Klebsiella yumo, walifariki, ilhali kwa malaria ilikuwa asilimia 20.2. Leo malaria ina kipimo cha haraka hadi kwenye zahanati ya kijijini, na ni haki kabisa iwe hivyo. Kuotesha damu, ambako ndiko kunakomweleza daktari ni bakteria yupi na ni dawa ipi itamuua, bado hakupatikani katika hospitali nyingi za wilaya.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya nchi maskini tu. Mwaka 2011, katika hospitali ya taasisi za taifa za afya za Marekani, huko Bethesda, wagonjwa 18 walipata Klebsiella sugu kwa antibiotiki za kundi la meropenemu. 11 walifariki, na vifo 6 kati ya hivyo vilitokana na maambukizi hayo. Watafiti walisoma DNA yote ya bakteria hao, wakagundua kwamba mlolongo mzima ulianzia kwa mgonjwa mmoja aliyelazwa wiki kadhaa kabla ya wengine kuonekana. Jibu lao halikuwa kuwalaumu wagonjwa kwa dozi. Waliwatenga waliokuwa na bakteria hao, wakawapima wengine mara kwa mara, wakakagua usafi wa mikono na vifaa.

Ninachodai kwa bajeti zetu za afya ni vitu vinavyojulikana: maji yanayotoka bombani saa zote katika wodi za watoto wachanga, vitakasa mikono kando ya kila kitanda, wauguzi wa kutosha ili mmoja asilazimike kukimbia kutoka kwa mtoto huyu hadi yule bila kunawa, na maabara ya kuotesha vimelea katika kila hospitali ya mkoa, yenye vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, mwaka mzima. Matokeo ya maabara hizo yabandikwe wodini kila baada ya miezi michache, ili daktari wa zamu ya usiku ajue ni dawa ipi bado inafanya kazi katika hospitali yake mwenyewe.